Mgongo wa Mjane

Mtaani walimwita Mjane, na mumewe, ambaye alikuwa mzima wa afya na mwenye hamu ya chakula ya watu wawili, wakamwita Marehemu. Hakuna aliyeitisha kikao kupanga majina hayo. Yalianza siku mama mmoja wa sokoni alipomsikia akiuliza bei ya vitunguu, akaangusha kisu na kushika kifua. "Jamani, ni yeye! Mjane wa kwenye televisheni!" Tangu hapo jina lake la kuzaliwa likabaki la hospitalini na la benki. Watoto waliocheza mpira chini ya dirisha lake walitimua mbio akisema tu "Nyinyi!" Na mumewe, fundi bomba wa siku nyingi, akipita na mfuko wake wa spana, vijana wa kijiweni walisimama wakavua kofia.

"Marehemu, tulikulilia sana."

"Nipo hai," aliwajibu bila kupunguza mwendo. "Asiyeamini aje aone ninavyokula."

Kazi ya mkewe ilikuwa kuingiza sauti. Tamthilia zilikuja kutoka nchi za mbali, na katika ofisi moja ndogo ya ghorofani, juu ya duka la magodoro, zilivuliwa lugha yao na kuvishwa ya kwetu. Huko ndiko alikomalizia ujana wake. Alikuwa wifi mchonganishi, muuguzi mkali, bibi harusi aliyekimbiwa siku ya harusi, na mara moja alikuwa kasuku. Alilia vilio vya kila aina. Na kila tamthilia ilipofika mwisho watu walikumbatiana, yeye akatamka "nisamehe" au "nimekusamehe" mbele ya kipaza sauti, akavua hedifoni akaenda zake nyumbani kupika.

Halafu ikaja *Wenye Kinu*.

Siku ya kwanza alidhani wameletewa kitu kibovu. Skrini ilikuwa giza tupu. Aliyekaa kwenye mitambo alikuwa fundi sauti, mtu wa makamo waliyemwita Masikio kwa sababu aliyo nayo hayajifichi, na hayapitwi na kitu.

"Masikio, washa picha."

"Imewaka, mama."

"Mbona sioni?"

"Ndivyo walivyoitengeneza. Makusudi."

Wakazima taa, wakavuta pazia, wakangoja macho yazoee. Polepole likatokea gurudumu la kinu cha kusagia nafaka likizunguka kwenye maji meusi, kisha mkono wa mwanamke, kisha mshumaa. Ilikuwa hadithi ya zamani za watu wale, zamani za matope na njaa, wakati aliyeshika kinu alishika roho za kijiji kizima. Mwenye kinu amekufa, mjane wake amechukua funguo. Mvua imekataa. Unga unapungua, na yule mjane anaanza kuuchanganya na chokaa ili uongezeke. Watoto wa kijiji wanaanza kuugua tumbo na kufa, na gurudumu linaendelea kuzunguka.

Wala hakuwa mchawi au mwendawazimu. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye kumpenda mwanawe, mwenye kuogopa njaa. Hilo ndilo lililotisha. Matajiri wa humo walikuwa na uchafu kwenye kucha. Mtu akifa haukupigwa muziki wa kukuambia sasa lia, alikufa tu, na mtu mwingine akaja kuchukua viatu vyake. Kulikuwa na pahali yule mjane anajifungia nyuma ya mlango, anakula kipande cha mkate peke yake huku watu wanagonga nje, anatafuna polepole, halafu analowesha kidole na kuokota makombo mezani, moja moja, asiache hata moja. Hakuna neno lililosemwa. Yeye ndani ya chumba cha kurekodia alitakiwa kuweka pumzi tu na mlio wa kutafuna, maana sauti za wenyewe zikiondolewa huondoka na pumzi zao, na lazima mtu apumue kwa niaba yao. Alitafuna kipande cha mkate mkavu mbele ya kipaza sauti, na alipomaliza akalowesha kidole akaokota makombo yake.

"Hawa watu hawana huruma," alisema Masikio.

"Wanayo," alisema yeye. "Ila hawatubembelezi."

Kuanzia siku hiyo akashikwa. Alipenda kazi ile kama ambavyo hakuwahi kupenda kazi nyingine maishani, akaitetea popote ilipotajwa, sokoni, kwa msusi, kwenye foleni ya zahanati. Watu walilalamika kwamba ni giza, kwamba haichekeshi, kwamba tumechoka na ya kwetu na sasa tunaletewa njaa ya wageni. Naye aliwauliza, mbona basi kila Jumapili jioni mnaikalia? Mlalamikaji mkuu alikuwa Marehemu. "Nimeshinda kwenye mtaro wa maji machafu," alikuwa akisema, "nikirudi mnanionyesha matope." Lakini saa ya tamthilia ikifika alisimama mlangoni na sahani mkononi kama anayepita, na kupita kwenyewe kulichukua saa nzima.

Na jambo jingine likatokea, ambalo hakumwambia mtu ila mumewe. Jioni sehemu ile ya mkate iliporushwa, simu yake iliita. Ilikuwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka mingi.

"Ni wewe yule?"

Akakaa chini. "Ni mimi, kaka."

"Nimekujua. Ile ndiyo sauti yako ya tangu utotoni ukikasirika." Kisha kaka yake akaongeza: "Yale makombo. Alivyoyaokota yale makombo." Akakata simu.

Jumapili iliyofuata alipiga tena, na iliyofuata, ikawa desturi yao. Hawakuzungumza lolote ila Mjane. Hawakuulizana habari za watoto wala za afya. Kwao hata hayo yalikuwa mengi mno.

Baba yao alikuwa mlinzi wa ghala la pamba. Alfajiri moja alisinzia na jiko likiwaka, ghala likateketea lote. Polisi walipokuja kuuliza, baba akasema mwanawe alikuja pale kuvuta sigara. Kijana hakuwa amefika pale kabisa, alikuwa amelala nyumbani chumba kimoja na dada yake, na nyumba nzima ilijua. Wakamchukua. Akafungwa, akatoka, akahama mji, na baba akaendelea kula chakula chake mezani palepale kana kwamba alizaa mtoto mmoja tu.

Miaka ikapita, baba akaugua kitandani. Binti yake ndiye aliyemuuguza. Siku ya mwisho alimwinamia akamuuliza, "Baba, kaka nimwambie nini?" Baba alikuwa na akili zake zote. Alimtazama vizuri, akageuka akaelekea ukutani, na kabla jua halijazama akafa hivyo, amewapa mgongo.

Msibani, mbele ya watu, baba mdogo akasimama na machozi yake. Akasema marehemu baba yao kabla ya kukata roho alimtaja mwanawe na kumwomba msamaha, kwa hiyo kinyongo kiishie hapo. Watu wakashusha pumzi, wakampiga kaka yake mgongoni, pole, umesikia, basi yaishe. Kaka akainuka. Kisha akavaa viatu vyake akaondoka, hakungoja hata mazishi. Dada alitaka kumkimbilia, shangazi akamshika mkono kwa nguvu. "Acha yaishe," alimwambia. Tangu siku ile neno "yaishe" hakuweza kulivumilia.

Basi huyo ndiye mtu aliyeitwa ofisini Ijumaa moja asubuhi kumalizia sehemu ya mwisho ya *Wenye Kinu*.

Kila kitu kilikuwa kimeshaingizwa sauti isipokuwa pahali pa mwisho kabisa. Kijiji kimegundua habari ya chokaa, wanataka mtu wa kunyongwa. Mjane amemsingizia mwanawe. Kijana anapakiwa kwenye mkokoteni uani, anatazama juu dirishani. Mama yake yuko pale dirishani, ametupa mgongo sisi watazamaji, anaangalia mkokoteni ukienda. Hasemi kitu. Anasimama tu, mkokoteni unapotea, gurudumu la kinu linaanza kuzunguka, basi, imekwisha. Yeye alikuwa ameitazama zaidi ya mara kumi.

Bosi alimpokea mlangoni akitabasamu, na bosi huyo akitabasamu jua kuna jambo. Alikuwa mdogo kwake kwa umri, mpole, mwenye kupenda mambo yaende.

"Mama, hapa mwishoni tumeongeza kidogo. Maneno mawili tu."

"Maneno gani?"

"'Mwanangu, nisamehe.'"

Alidhani anataniwa. "Hasemi hivyo."

"Hasemi kitu. Ndiyo maana tumepata nafasi. Ametupa mgongo, mdomo hauonekani, unaweza kumlisha maneno yoyote." Bosi akaweka mikono kifuani. "Mama, watu wameteseka na hiki kitu mwaka mzima. Kituo cha televisheni kinapokea malalamiko. Wape angalau kitu cha kulalia. Mama amwombe mwanawe msamaha, yaishe."

Laiti angechagua neno jingine.

"Mdomo unaonekana," alisema yeye. "Kwenye kioo cha dirisha. Zima taa utazame vizuri. Uso wake uko pale kwenye kioo, na mdomo ameufumba."

Bosi akainama kwenye skrini, akakunja macho. "Haya, upo. Nani atauona? Watu wanatazama taa zikiwaka, wengine wanakula."

"Mimi nimeuona."

"Mama, usinikalie vibaya. Saa kumi na moja jioni lazima kazi iwe imefika kituoni, la sivyo wanavunja mkataba. Tena kuna tamthilia mpya inakuja, ya mapenzi, nzuri, nimekuwekea mama mkwe. Usimwage unga wako kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo duniani."

Yeye aliangalia mikono yake. Alikuwa anaipenda kazi ile, na hakuwa na nyingine. Hakuna aliyewahi kumfundisha kufanya kitu kingine kwa sauti yake. Lakini akilini alimwona kaka yake Jumapili jioni, huko aliko, amekaa peke yake na televisheni yake, mwaka mzima amengoja kuona kama angalau mara moja, hata kwenye uongo wa kuigizwa, kuna watu wenye ujasiri wa kutomlisha maneno mtu aliyegeuza mgongo. Na sauti itakayomlisha itakuwa ya dada yake. Moyo wake ukawaka.

"Sisemi," alisema.

"Basi Kijakazi atasema."

Kijakazi alikuwa dada wa makamo aliyeweka sauti ya mtumishi wa yule mjane, na alijua kuiga kila mtu. Bosi akaenda ukumbini kumpigia simu. Ndipo yeye akaingia kwenye chumba cha kurekodia, akafunga mlango, akasukuma komeo.

Komeo lile bosi alilipachika mwenyewe. Msimu ulipoanza, wakiwa katikati ya kurekodi mazishi ya yule mwenye kinu, watu wote wamesimama kwenye baridi na kaburi liko wazi, muuza chai wa mtaani alifungua mlango wa chumba hiki akauliza, "Chai ya nani hii?" Hakuna aliyekumbuka kuikata, na sehemu ile ikarushwa hivyohivyo. Mji mzima ulisikia maiti akishushwa kaburini na mtu akiuliza chai ya nani hii, na mpaka leo ukienda msibani kuna mtu atanong'ona hivyo na mwingine atajiuma mdomo asicheke. Bosi akanunua komeo zito la chuma akalipiga kwa ndani, ili chai isiingie tena.

Sasa bosi akarudi, akashika kitasa, akasukuma. Akasukuma tena. Akaja mbele ya kioo kikubwa kinachotenga chumba na mitambo, akaanza kusema. Chumba kile hakipitishi sauti. Yeye aliyekaa ndani, kwenye kiti chake kirefu, aliona tu mdomo wa bosi ukifunguka na kufumbika, mikono ikipaa, mshipa wa shingo ukivimba. Na mtu aliyefanya kazi ile miaka yote hawezi kuona mdomo mtupu akauacha. Akawasha kipaza sauti.

"Mama, karibu," alisema kwa sauti nzito ya bosi, akifuata midomo ile bila kukosea. "Kaa ujisikie nyumbani. Leo hakuna kazi. Nimeamua kuwaongezea wote likizo."

Masikio, upande wa pili, alipiga paji la uso mezani, mabega yakimcheza. Bosi akasogea mezani. Akabonyeza kitufe cha kuongea na ndani.

"Mama, fungua."

"Rekodi pumzi zangu, nifungue."

"Sema maneno, ufungue."

"Basi tukae."

Wakakaa. Bosi hakuwa mjinga. Alimwambia Masikio atafute neno "nisamehe" kwenye rekodi za nyuma za Mjane, walikate walipachike.

Masikio akatafuta, akavua hedifoni. "Hajawahi kulisema."

"Sehemu zote hizi?"

"Zote, bosi. Hata mara moja. Nami ndiyo kwanza nagundua."

"Kwenye tamthilia za zamani je? Kila siku alikuwa anaomba msamaha huyu!"

"Tulizifuta. Ulisema zinajaza kompyuta."

Kijakazi akafika akihema, mkoba begani. Bosi akamkalisha kwenye kipaza sauti kidogo cha mezani kwa Masikio. Pale nje hapakuwa na kuta nene. Chini, duka la magodoro lilikuwa na spika yake barazani, kama kila siku. Kijakazi akavuta pumzi, akaiga sauti ya Mjane ikamtoka yenyewe. "Mwanangu, nisamehe," na nyuma yake, waziwazi, spika ikajibu: "Lala kama mfalme!" Akarudia. "Mwanangu..." "Hili halibonyei, hili halitoboki!" Mara ya tatu Kijakazi akaweka karatasi mezani.

"Bosi, nisikudanganye. Siwezi. Na siyo kelele tu. Huyu mwanamke hawezi kusema hivi, nimekaa naye jikoni mwaka mzima, namjua." Akavuta kiti, akatoa kitambaa chake cha kufuma, akaanza kufuma.

Alasiri ikawa imesogea. Ndani ya chumba hewa ilikuwa nzito. Mjane alikuwa na kiu, na mgongo ulimuuma, na hofu sasa ilimjia, ile ya kawaida ya mtu atakayeamka kesho bila pa kwenda. Hakuinuka. Bosi akawa amefikiria silaha yake ya mwisho, tena nzuri: akampigia simu Marehemu. Mtu mwenye spana, mtu anayelalamika waziwazi kwamba ile tamthilia ni matope, tena mume. Nani angemfaa zaidi?

Marehemu akaja na mfuko wake, suruali imelowa magotini. Bosi akamweleza yote kwa heshima, shemeji hivi, shemeji vile, kazi yake itapotea kwa maneno mawili. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda mlangoni, akapiga goti, akachungulia bawaba, akagonga gonga kwa kucha. Mkewe alimwangalia kupitia kioo. Alijua bawaba zile kwa mumewe ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Marehemu akainuka, akajipangusa mikono.

"Hii siyo kazi ya bomba," alisema. "Hii ni ya seremala."

"Shemeji!"

"Mimi naheshimu kazi za watu." Akabonyeza kitufe cha kuongea na ndani, akainamisha mdomo kwenye kile kitundu kama anayenong'onea ukuta. "Mama watoto. Una njaa?"

"Nina kiu."

"Vumilia kidogo. Na mimi nipo." Akavuta ndoo ya taka, akaipindua, akaikalia katikati ya ofisi, mfuko wa spana miguuni.

Mjane akageuza uso kidogo, maana macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hakutaka bosi ayaone akafikiri amelegea.

Saa ya ukutani ilipokaribia kumi na moja, bosi alikuwa amekaa ameshika kichwa. Simu ya kituo ilikuwa imeita mara mbili. Hakupiga kelele tena. "Masikio," alisema, "mpe taa."

Taa nyekundu ya kurekodi ikawaka ndani. Kwenye skrini, yule mwanamke wa zamani akasimama dirishani na mgongo wake. Mjane akasogea kwenye kipaza sauti. Akapumua naye. Mkokoteni ulipoanza kwenda pumzi ikakatika katikati, ikabaki kooni, halafu ikatoka polepole, na tena, na tena, mpaka gurudumu lilipozunguka. Masikio hakutikisika kwenye kiti chake. Hata Kijakazi aliacha kufuma.

Akafungua komeo, akatoka.

"Usikanyage hapa tena," alisema bosi, bila hasira, amechoka tu.

"Nimesikia," alisema. Akachukua mkoba wake, mumewe akachukua mfuko wake, wakashuka ngazi pamoja. Kule chini spika ilikuwa bado inawasifia watu magodoro.

Jumapili jioni walizima taa nyumbani kwao, na safari hii Marehemu hakujifanya anapita, alivuta kiti akakaa. Mtaa ulikuwa kimya, hata mpira haukusikika. Mkokoteni ukatoka uani. Yule mwanamke akasimama dirishani, na chumba chao kikajaa pumzi za mwanamke aliyekuwa amekaa palepale kwenye kochi, ameshika magoti.

"Ona," alisema Marehemu, akanyoosha kidole kwenye skrini. "Kwenye kioo pale. Amefumba mdomo."

"Ee."

"Amefumba kabisa. Mwanamke mbaya huyu." Akatikisa kichwa, na sauti yake ilikuwa na kitu kama heshima. "Angalau hajatufanya wajinga."

Simu ikaita kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupita. Aliipokea akaiweka sikioni. Upande wa pili hapakuwa na maneno, kulikuwa na mtu anavuta hewa na kuitoa. Hakumharakisha.

"Hakuomba," alisema kaka yake mwishowe.

"Hakuomba."

"Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua watamwombesha. Nilishika kile kidude kabisa ili nizime. Halafu nikakusikia unapumua."

Mjane alifumba macho. Jambo ambalo walikuwa wamelizunguka Jumapili zote zile lilikuwa limesimama mbele yake, na safari hii hakukuwa na shangazi wa kumshika mkono.

"Kaka. Baba naye hakuomba. Nilikuwepo. Nilimuuliza, akageukia ukutani, akafa hivyo. Yale ya msibani ni uongo. Hakusema neno."

Alisikia televisheni ya kaka yake ikizimwa.

"Nilijua," alisema kaka yake, na sauti yake ilipasuka. "Miaka yote hii nilijua. Sikuwa na mtu wa kuniambia."

"Nakuambia mimi."

Alimsikia akijifuta pua, akikohoa, akisukuma kiti. Kisha akauliza kama vile vitanda viwili vya chumba chao cha utotoni bado vipo, na yeye akamwambia kimoja kipo, kile alichokuwa akilalia kaka.

"Nitakuja," alisema kaka. "Lakini siji kumsamehe mtu. Wajue hivyo wote, na baba mdogo umwambie. Siji kusamehe."

"Njoo hivyohivyo," alisema Mjane.